Mdakaji: Kazi Nyingi, Pointi Chache

Nianze na FPL ndio tuelewane, juu najua wengi wenu mko na timu na wengine mko na tatu. Beki akifunga goli anapata pointi 6. Kiungo akifunga anapata 5. Straika akifunga goli lilelile, hata liwe la kichwa na amekula kiwiko cha mdomo, anapata 4. Waliotunga mchezo walijua beki hafungi kila wikendi, kwa hivyo wakampandishia bei. Ni kama posho ya mazingira magumu.

Sasa twende Marekani, kwa mchezo ambao ndio mama wa hizi fantasi zote: besiboli. Kule hakuna posho. Homurani, yaani mpira uliopigwa ukapaa ukatoka nje ya ua wa uwanja, ni homurani tu, hata ikipigwa na nani. Halafu kuna nafasi moja uwanjani ambayo kazi yake ni ngumu kuliko zote na karibu hakuna chochote cha kazi hiyo kinachohesabiwa kwa fantasi. Nafasi ya mdakaji. Hii stori ya jinsi watu wamekuwa wakimpima mdakaji ina zaidi ya miaka 40, na maoni yangu ni kwamba kile kipimo kilikuwa kimepinda tangu siku ya kwanza. Kaa hapo nikuonyeshe.

Kama hujawahi kutazama besiboli, mdakaji ni yule jamaa anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, amevaa barakoa ya chuma, kifua kimefunikwa, miguu imefunikwa. Mrushaji anarusha mpira unaoweza kupita kilomita 150 kwa saa, na yeye ndiye anaupokea. Kwa mechi moja anapokea karibu mipira 150. Mpira ukidunda chini anaujaza mwili wake usipite. Kabla haujarushwa, ameshatoa ishara kwa vidole, au siku hizi kwa kimashine kidogo, kupendekeza urushwe wa aina gani na wapi. Na mpinzani aliye kwa besi akijaribu kuiba, yaani kukimbilia besi inayofuata huku mrushaji akiwa bado anarusha, mdakaji anaruka kutoka kwa ile hali ya kuchuchumaa na kufyatua mpira karibu mita 39 mpaka besi ya pili. Chini ya sekunde mbili. Wadakaji wenyewe waliyaita yale mavazi yao zana za ujinga, kwa maana ya kwamba mtu mwenye akili zake hawezi kuchagua kuyavaa. Watu hawa wana ucheshi wa watu wenye magoti mabovu.

Sasa nambari. Besiboli imependa nambari tangu karne ya 19. Henry Chadwick, Mwingereza aliyehamia New York akiwa mtoto na baadaye akawa anaandika habari za kriketi, ndiye aliyeipa besiboli jedwali la mechi linalochapishwa gazetini: nani alipiga mara ngapi, nani alikosea. Hilo jedwali ndilo lilifundisha Wamarekani kumsoma mchezaji bila kumwona. Lakini cheki linahesabu nini. Linahesabu kilichotokea kwa mpira uliopigwa. Mpira ambao haukupigwa kwa sababu mdakaji aliomba urushwe mahali pazuri, hauna safu yake. Besi ambayo haikuibwa kwa sababu mkimbiaji alimwangalia mdakaji akaogopa, pia haina.

Ruka mpaka mwisho wa 1979. Mhariri mmoja anaitwa Daniel Okrent yuko kwa ndege kuelekea Austin, Texas, na anachora kanuni za mchezo kwa karatasi. Wazo la watu kushindana kwa kutumia takwimu za wachezaji wa kweli halikuwa jipya kabisa. Mwanasosholojia William Gamson alikuwa na mchezo wa aina hiyo na wenzake tangu 1960, na Okrent alikuwa amesikia habari zake alipokuwa chuo. Kitu Okrent aliongeza ni ukali wa soko: mnada, bajeti, na timu ambayo ni yako kweli mpaka mwisho wa msimu. Marafiki wake wa Austin hawakushtuka. Wa New York wakaingia boksi, na kwa sababu walikuwa wakikutana kwa mkahawa mmoja wa Kifaransa, La Rotisserie Française, mchezo ukapata jina la Rotisserie. Msimu wa kwanza ulikuwa 1980. Nusu yao walikuwa waandishi na wahariri, kwa hivyo unaweza kukisia vile habari zilienea. 1981 wachezaji wa besiboli waligoma katikati ya msimu, waandishi wa michezo wakakosa cha kuandika, wakaandika kuhusu fantasi.

Kanuni zilivyokuja kutulia ni hivi: dola 260 za kununulia wachezaji 23, na kati ya hao lazima uwe na wadakaji wawili. Kwa upande wa kupiga vinahesabiwa vitu vinne pekee. Wastani wa kupiga, homurani, RBI (wenzako wangapi waliingia nyumbani kwa sababu ya pigo lako), na besi ulizoiba. Upande wa warushaji vinne vingine. Baadaye ligi nyingi ziliongeza kimoja kila upande zikafika kumi.

Uliza basi kwa nini vile vinne. Vilichaguliwa kwa sababu vilikuwa gazetini. Wale jamaa walikuwa wakijumlisha pointi kwa mkono, na kalamu, kutoka kwa magazeti ya michezo ya kila wiki. Hakuna kompyuta. Kitu ambacho hakikuchapishwa hakingeweza kuwa pointi. Na kazi ya mdakaji haikuchapishwa. Kwa hivyo siku ya kwanza tu ya mnada, swali la "huyu mdakaji ni mzuri kiasi gani?" lilikuwa limeshageuzwa kimyakimya likawa "huyu jamaa anapiga kiasi gani akiwa amechoka?"

Na ndio maana watu wa kwanza wa fantasi waliwaona wadakaji kama balaa. Angalia hesabu. Chukua ligi ya watu 10 inayotumia National League pekee, ambayo miaka ile ilikuwa na timu 12. Watu 10 mara wadakaji wawili ni 20. Timu 12 zina wadakaji 12 wa kuanza. Wanane waliobaki ni akina nani? Ni mabenchi. Ni wale wazee wanaocheza Jumapili mchana baada ya mechi ya Jumamosi usiku ili mwenye nafasi apumzike. Ulikuwa unamlipia mtu dola moja umwombe tu asiguse kitu. Kwa kweli mbinu moja iliyosifiwa kwa muda mrefu ilikuwa ni hiyohiyo: kwa nafasi ya pili chukua mdakaji ambaye hachezi kabisa, kwa sababu mpigaji mbaya anayecheza kila siku anaangusha wastani wa timu nzima, na asiyecheza haharibu chochote. Mtu analipwa kwa sababu hayuko. Wakenya tunaijua hiyo kazi.

Upande wa pili wa hesabu hiyohiyo ndio ulioleta akili mpya. Wacha nitoe mfano wa kubuni. Sema leo uko kwa ligi ya watu 12 na inatumia timu zote 30 za Marekani. Wadakaji watakaonunuliwa ni 24. Wachezaji wa nje, watano kwa kila timu, ni 60. Mdakaji mzuri anakupa homurani 25 na yule wa 24 anakupa 8. Mchezaji wa nje mzuri anakupa 30, na yule wa 60 anakupa 18. Kwa macho, 30 ni kubwa kuliko 25. Lakini mdakaji wako amekupita na 17 juu ya yule ambaye jirani yako atabaki naye, na yule wa nje amekupita na 12 tu. Kwa hivyo mdakaji ndiye mali. Si kwa sababu anapiga zaidi, ila kwa sababu wenzake hawapigi. Hii ndiyo ile posho ya FPL, ila hapa hakuna ofisi inayoitoa. Soko lenyewe linaitoa, na ukikosa kuiona, jirani anaichukua.

Jina la kwanza linalokuja hapo ni Johnny Bench wa Cincinnati. 1970 alipiga homurani 45 na RBI 148, na wakati huohuo alikuwa anashinda Glavu ya Dhahabu, tuzo ya ulinzi, miaka 10 mfululizo, 1968 mpaka 1977. Bahati mbaya, fantasi ilipoanza magoti yake yalikuwa yameshasema basi. Msimu wa 1980 bado alipiga homurani 24, lakini mwaka uliofuata alikuwa ameshahamishwa kutoka nyuma ya mpigaji. Yaani mdakaji bora wa kizazi kile alipitana na fantasi mlangoni.

Mtu ambaye fantasi ilimfanya mfalme ni Mike Piazza, na hii stori mimi huipenda. Mwaka 1988 Dodgers walimchagua katika raundi ya 62. Wachezaji 1,389 walitajwa kabla yake. Na hata hapo alichukuliwa kama hisani tu, kwa sababu babake alikuwa rafiki wa kocha Tommy Lasorda. Msimu wake wa kwanza kamili, 1993: wastani wa .318, homurani 35, RBI 112. 1997: .362, homurani 40, RBI 124. Mdakaji! Watu wa fantasi walikuwa wanamnunua kwa bei ya nyota wa nafasi zingine na bado wanapata faida.

Lakini fungua redio ya michezo ya miaka ile usikie walivyomsema. Ati hajui kudaka. Ati mkono wake wa kurusha ni dhaifu, wakimbiaji wanamwibia besi kama ni soko lisilo na askari. Na kuhusu mkono walikuwa sawa, aliwakamata wachache kuliko kawaida. Kwa mwenye timu ya fantasi hilo halikuwa na maana hata kidogo. Besi iliyoibwa mbele ya Piazza haikutoa pointi kwa mtu yeyote aliyemmiliki Piazza.

Weka hapo kando Iván Rodríguez wa Texas, Mpuerto Rico, aliyekuja na Glavu za Dhahabu 13. Huyu wakimbiaji walikuwa wanamwogopa mpaka hawajaribu. Ulinzi wake wote, thamani yake sifuri kwa fantasi. Halafu 1999 akapiga homurani 35, wastani wa .332, na akaiba yeye mwenyewe besi 25, akawa mchezaji bora wa American League. Fikiria: mtu ambaye kipaji chake kikuu ni kuzuia wizi, fantasi ikamlipa kwa wizi. Ukitaka kuelewa kipimo kilivyopinda, huhitaji mfano mwingine.

Karibu 2006 mpaka 2008 kamera zikaingia viwanjani. Mfumo uliitwa PITCHf/x, na ulikuwa unafuatilia kila mpira uliorushwa, ulipita wapi, kwa kasi gani. Ghafla kukawa na swali jipya. Mwamuzi anasimama nyuma ya mdakaji na kuamua kama mpira ulipita ndani ya eneo halali, ambao ni straiki, au nje. Sasa kompyuta inajua ulipita wapi kweli. Kwa hivyo unaweza kuhesabu: wakati huyu ndiye anadaka, mipira mingapi ya pembeni huitwa straiki, ikilinganishwa na akidaka yule mwingine?

Sanaa hiyo inaitwa freimingi. Kuupokea mpira wa pembeni kwa utulivu, bila kuvuta mkono kwa nguvu, mpaka mwamuzi anaona kama ulikuwa ndani. Makocha walikuwa wakiisema miaka na miaka, na watu wa nambari walikuwa wanaicheka kidogo, kama vile tunavyocheka mtu akisema mchezaji fulani "ana roho". 2011 mchambuzi anaitwa Mike Fast akachapisha hesabu zake, na zikaonyesha tofauti kati ya mdakaji mzuri na mbaya ni kubwa ajabu, ya kubadilisha mechi kadhaa kwa msimu. Muda si muda timu ya Houston Astros ikamwajiri.

Na nani alikuwa karibu na kilele cha orodha yake? José Molina. Kama hujawahi kumsikia, usijali. Ni wa kati katika ndugu watatu wa Puerto Rico, Bengie, José na Yadier, wote wadakaji, wote wamewahi kushinda World Series. José alikuwa benchi karibu maisha yake yote. Wastani wake wa kupiga ni .233. Hakuna mtu wa fantasi aliyewahi kulala akimwota. Lakini baada tu ya zile hesabu kutoka, Tampa Bay Rays, timu isiyo na pesa nyingi na yenye vichwa vingi vya hesabu, wakamsajili na kumpa nafasi ya kuanza akiwa na miaka 36. Alikaa misimu mitatu. Ule wa mwisho, 2014, alipiga wastani wa .178 na hakupiga homurani hata moja. Kwa fantasi alikuwa chini ya sifuri. Kwa Rays alikuwa mtu wa kuajiriwa, na walijua wanachofanya.

Hapa ndipo watu wengi wa fantasi walikosea njia, nadhani. Walisema: freimingi haina pointi, kwa hivyo hainihusu. Inakuhusu. Mambo mawili. Kwanza, mdakaji mwenye mikono mizuri anamsaidia mrushaji, na mrushaji huyo unaweza kuwa umemnunua wewe. Straiki moja ya bure mara nyingi kwa msimu inashusha nambari zake mbaya. Pili, na hili ndilo kubwa, glavu ndiyo inamweka mtu uwanjani. Kijana anayepiga vizuri lakini hajui kudaka atahamishwa au atakaa benchi. Anayedaka vizuri ataendelea kupewa nafasi hata akipitia mwezi mzima bila kupiga, na katika fantasi anayecheza kila siku atakusanya vitu. Kwa hivyo ulinzi hauna pointi, lakini ndio unaonunua siku za kupata pointi. Ukimtathmini mdakaji kwa fimbo peke yake, umesoma nusu ya CV.

Halafu kuna mwili. Hii kazi inakula watu. Buster Posey wa San Francisco, Mei 2011, mkimbiaji alimgonga nyumbani akamvunja mguu, msimu ukaisha. Mwaka uliofuata akarudi akapiga .336 na kuwa mchezaji bora wa National League, na 2014 ligi ikaweka kanuni ya kuzuia migongano ya aina hiyo. Roho safi. Lakini angalia Joe Mauer wa Minnesota, na hapa naomba utulie kidogo. Ni mdakaji aliyeongoza ligi kwa wastani wa kupiga mara tatu: 2006, 2008, 2009. Agosti 2013 mpira uliochomoka kwa fimbo ukampiga kwenye barakoa, akapata mtikisiko wa ubongo. Kazi yake ya kudaka kila siku ikaishia hapo. 2014 akahamia besi ya kwanza. Msimu huo alipiga .277 na homurani 4. Kwa mdakaji, .277 unaishi nayo, unashukuru hata. Kwa besi ya kwanza, ambako kila mtu ana mabega ya mlango na homurani 30, ilikuwa takataka. Binadamu ni yuleyule, fimbo ni ileile, amesogea tu mita chache upande, na thamani yake imeyeyuka. Wenye ligi za miaka mingi waliolipia Mauer wa wadakaji wakabaki na Mauer wa besi ya kwanza. Lile pigo la kichwa halina safu kwa jedwali lolote la fantasi.

Sasa niende kwa mtu ninayemtaka hasa.

Josh Gibson alizaliwa Georgia 1911 na kukulia Pittsburgh. Alikuwa mdakaji wa Homestead Grays na Pittsburgh Crawfords, katika zile zilizoitwa Negro Leagues, kwa sababu ligi kuu ilikuwa imewafungia milango watu Weusi. Alikufa Januari 1947, akiwa na miaka 35. Miezi mitatu baadaye, tarehe 15 Aprili, Jackie Robinson akaingia uwanjani na Dodgers. Miezi mitatu, wasee.

Kwa muda mrefu Gibson alikuwa stori. Kibao chake pale kwa Jumba la Umaarufu, alikoingizwa 1972, kinasema alipiga karibu homurani 800. Zinazohesabiwa rasmi leo hazifiki 200, kwa sababu mapigo yake mengi yalikuwa kwa mechi za kuzungukazunguka miji, dhidi ya timu zozote zile, ambazo hakuna ligi iliyozimiliki. Kwa hivyo alikuwa wa ajabu, lakini hakuwa na nambari, na mtu asiye na nambari ni rahisi kumsifu na kumsahau kwa sentensi moja.

Nambari zilikuwepo lakini. Magazeti ya Weusi, kama Pittsburgh Courier na Chicago Defender, yalichapisha yale majedwali ya mechi. Watafiti wakakaa miaka na miaka wakiyachambua, mechi kwa mechi. Desemba 2020 ligi kuu ikakubali kwamba Negro Leagues za 1920 mpaka 1948 zilikuwa ligi kuu kamili. Mwishoni mwa Mei 2024 takwimu zikaingizwa kwa kitabu kimoja. Na mtu aliyetokea juu kabisa kwa wastani wa kupiga wa maisha yote, akimpita Ty Cobb, ni Josh Gibson, .372. Juu ya Babe Ruth kwa nguvu za kupiga pia. Mdakaji. Kutoka kwa nafasi ambayo tangu mwanzo tunaambiwa tusitarajie fimbo, ndiko amekaa mwenye wastani wa juu kuliko wote.

Kuna watu walilalamika, ati mechi zilikuwa chache kwa msimu, ati hakukutana na warushaji wazungu. Ni kweli misimu ilikuwa mifupi. Lakini Cobb na Ruth nao hawakukutana na warushaji Weusi kwa ligi yao, na mimi sijaona mtu akiweka kinyota kwa jina la Ruth.

Na usidhani mlango ulipofunguka basi nafasi ya mdakaji ilifunguka sawa na zingine. Roy Campanella, aliyeanza Negro Leagues akiwa na miaka 15, alikuja kuwa mchezaji bora wa ligi mara tatu na Dodgers. Elston Howard wa Yankees akachukua tuzo hiyo American League 1963. Lakini kufikia 1970 wanasosholojia walikuwa tayari wanaandika kwamba wachezaji Weusi wanasukumwa nje, kwa nafasi za mbio, na zile za katikati zinazohesabiwa kuwa za kufikiri, mdakaji akiwa wa kwanza, zinabaki za wazungu. Kijana Mweusi mwenye mkono mzuri alikuwa anaambiwa, wewe una kasi, nenda nje. Tathmini hiyo ilifanyika kabla hata jedwali halijafunguliwa. Ndio maana nikisikia mtu anasema nambari hazina ubaguzi, huwa namuuliza nani alichagua ni nini kihesabiwe na nani aruhusiwe kusimama mahali panapohesabiwa.

Kwa upande wetu huku kuna Dennis Kasumba wa Uganda, mdakaji, yule kijana ambaye video zake za mazoezi ya matairi zilizunguka intaneti yote. 2023 alifika Maryland kuchezea Frederick Keys katika MLB Draft League. Ukitaka kumpima kijana kama huyo, takwimu za utotoni hazipo, ligi ya kumlinganisha haipo. Unabaki na macho, kama Marekani ya kabla ya Chadwick.

Turudi kwa fantasi ya leo, kwa sababu kuna kitu kimebadilika. Tangu 2022 ligi zote mbili zinatumia mpigaji maalum, DH, ambaye anapiga bila kucheza ulinzi. Maana yake timu inaweza kumpumzisha mdakaji magoti bila kuipumzisha fimbo yake. Salvador Perez wa Kansas City, ambaye American League yake ilikuwa na DH tangu zamani, alipiga homurani 48 mwaka 2021. Halafu 2025 Cal Raleigh wa Seattle akacheza mechi 159 kati ya 162 na kupiga 60. Sitini! Hakuna mdakaji aliyewahi kukaribia. Jina lake la utani ni Big Dumper, na ndiyo, linahusu makalio, na mtu anayechuchumaa hivyo kila siku lazima ayapate. Mwaka uliotangulia alikuwa ameshinda tuzo ya mlinzi bora wa American League nzima. Wenye ligi waliomlipia kama fimbo walipata bingwa, lakini kama ungesoma glavu kwanza ungejua huyu hatoki uwanjani.

Na kuanzia 2026 kuna kitu cha kuiangalia zaidi. Ligi imeruhusu rufaa kwa mashine: mpigaji, mrushaji au mdakaji anaweza kugusa kofia yake na kupinga uamuzi wa straiki, na kamera zinaamua papo hapo. Kila timu inaanza mechi na rufaa mbili, na ukishinda hupotezi. Freimingi haitakufa, kwa sababu rufaa ni chache na mipira ni mingi. Lakini mdakaji amepata kazi nyingine mpya, ya kujua kwa sekunde mbili kama jicho lake ni bora kuliko la mwamuzi, na hii inahesabika moja kwa moja: alipinga ngapi, alishinda ngapi.

FPL yenyewe msimu wa 2025/26 ilianza kuwapa mabeki pointi 2 wakifikisha vitendo 10 vya ulinzi kwa mechi, vile vya kuzuia mashuti na kunasa pasi. Dunia haikuanguka. Mabeki wa kati ambao hakuna mtu alikuwa anawataka wakaanza kununuliwa. Kwa hivyo ukianzisha ligi ya besiboli na maboyz wako msimu huu, na programu nyingi zinakuruhusu kubadilisha kanuni, weka safu mbili kwa wadakaji: wakimbiaji waliokamatwa wakiiba, na rufaa zilizoshinda. Halafu fanyeni mnada upya na mwone bei ya nani inapanda.